Homoni Zifundishwe Chini ya Mwembe

Mwanafunzi wa Kilifi hukariri kwamba jiberelini hurefusha shina, kisha hupita chini ya mwembe wenye majani tele usio na ua hata moja, asijue kwamba aliyeyazuia maua ni homoni hiyo hiyo. Ipunguapo, majani yakiwa yamekomaa, ndipo chipukizi hutoa maua. Huko Ufilipino, ambako miembe ilifukizwa moshi, Ramon Barba alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kunyunyizia nitrati ya potasiamu huleta maua mapema. Paklobutrazoli nayo huuzuia mti kuunda jiberelini, lakini hukaa udongoni muda mrefu. Nani atamweleza haya mkulima wa Malindi, ambaye maembe yake huiva kwa pamoja na kuuzwa kwa bei ya kutupa, ikiwa mwanawe aliyasomea mtihani tu?