TAHARIRI: Picha isiyopigwa haisomwi

Zimetufikia habari kwamba siku hizi kompyuta husoma picha za eksirei za matiti. Hatuna sababu ya kuzibeza. Picha hugeuzwa kuwa tarakimu. Programu hutafuta punje ndogo za chokaa na uvimbe wenye kingo zisizo sawa, na baadhi ya programu huchota ghalani picha za zamani zinazofanana nayo, ambazo hatima yake yajulikana: hii ilikuwa saratani, ile haikuwa. Daktari hulinganisha, halafu huamua.

Mwaka 1998 Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya kusaidia kusoma picha za matiti. Mwaka 2007 utafiti wa vituo 43 vya huko ulionyesha kwamba mashine zile ziliongeza idadi ya wanawake walioitwa tena na kukatwa vinyama vya kupimwa, bila faida iliyo wazi. Za sasa ni bora. Huko Sweden, majaribio ya wanawake zaidi ya 80,000, yaliyotangazwa mwaka 2023, yalipunguza kazi ya kusoma picha kwa asilimia 44, wala saratani zilizogunduliwa hazikupungua. (Mashine haisinzii saa kumi jioni, na hilo si jambo dogo.)

Lakini haki yauliza: ghala hilo ni la nani? Ghala mojawapo lililotumiwa sana na watafiti, lililoandaliwa Florida, lina wagonjwa na wazima wapatao 2,500, wote wa hospitali za Marekani. Akina mama wetu hupatwa na saratani hii wakiwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya, na titi la mwanamke kijana huonekana jeupe pichani kama uvimbe wenyewe. Mashine iliyofundishwa kwa miili mingine haina budi kupimwa kwanza hapa kwetu. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya 2024, alionya kwamba mitambo ya akili mnemba yaweza kuendeleza dhuluma za mahali ilikotoka.

Na hapa Hasamba? Mama aliyegusa kivimbe hana picha ya kumpa daktari wala mashine. Husema hakiumi, hunywa mizizi, hungoja kahawa iuzwe apate nauli. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Wengi hufika donda likiwa limekwisha kufunguka. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, lataka ugonjwa utambuliwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Na kazi hiyo huanzia kwenye mikono ya mhudumu aliyefundishwa, si kwenye kompyuta.

Kwa hiyo twawaomba WAWATA na halmashauri za walei waulize katika zahanati: nani amefundishwa kupima matiti, na siku gani? Nauli ya Mbeya hutoka mfuko upi? Na waliopelekwa huko mwaka jana, majibu yao yalirudi baada ya siku ngapi?