Mwalimu Naye Apewe Kiti

Nimesimama mbele ya ubao miaka 27. Jioni nikivua viatu, mshipa ulio nyuma ya goti la kushoto umejikunja kama mnyoo na kifundo cha mguu kimejaa. Mama mkwe alisema nimekanyaga kitu. Mwenzangu ofisini akaniletea mafuta ya kuchua.

Ultrasaundi ndiyo iliyosema kweli: vali zimelegea. Vali ni vilango vidogo ndani ya mishipa ya vena. Hupitisha damu ipande moyoni na kuizuia isirudi. Vikishindwa, damu hutuama, mshipa hutanuka. Kati ya visababishi, kurithi kumo (mama yangu alikuwa na mishipa kama hii), ujauzito umo, unene, umri, na huko kusimama kutwa.

Daktari alinipa soksi za kubana, akaniambia nitembee na nilale miguu ikiwa juu ya mto. Hali ikizidi, mshipa huzibwa kwa joto la leza au kwa sindano ya dawa, damu ikapita kwingine. Kuchua hakutengenezi vali.

Linaloniudhi ni kwamba shuleni kwetu mwalimu akikaa darasani huitwa mvivu. Wakuu wa shule, wekeni kiti kando ya ubao. Nawe msomaji, ukiona ngozi ya kifundo inazidi kuwa nyeusi na kuwasha, usingoje kidonda, nenda hospitali.