Zima Hiyo Otokorekti Kabla Haijabadilisha Jina la Mtu

Wasee, leo sina mchezo. Hii ni ya kila mtu anayetaipia wengine karatasi, kuanzia Kawangware 46 mpaka Riruta Satellite, na hasa ni ya nyinyi wenye saiba. Ile kitu mnapenda kuambia wateja, eti "komputa imejichanganya", mimi siiamini tena. Komputa hufanya kile iliambiwa. Kuna mtu aliiambia, na nyinyi hamjawahi kufungua muone iliambiwa nini.

Nianze na yangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, story ndefu, si ya leo) nilipata kazi kwa saiba moja huku mtaani. Kutaipu ukurasa finje, kuprinti ashu. Siku moja akaingia mama Mnubi kutoka Kibera, amebeba cheti cha kuzaliwa cha mtoto ndani ya bahasha ya plastiki, vile mtu hubeba kitu akijua kikilowa ameisha. Alitaka barua ya kuomba basari. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Jina la mtoto tuseme ni Hasan, s moja. La ukweli naliacha, si langu kulitangaza.

Nikamwambia, "Mama, keti, ni dakika kumi tu." Nikataipu nikiangalia cheti, herufi kwa herufi. Hakuwa na miwani, kwa hivyo akaniuliza, "Iko sawa, mwanangu?" Nikasema iko sawa.

Wiki iliyofuata akarudi. Fomu ilikuwa na s moja, cheti s moja, barua yangu s mbili. Kule alikopeleka waliambia majina hayafanani, alete barua nyingine, na akifika na hiyo nyingine dirisha lilikuwa limefungwa. Hakunipigia kelele. Aliweka tu ile karatasi kwa meza akaishikilia na kidole, hapo kwa jina. Ungekuwa wewe, ungesema typo. Lakini jamii yake imeketishwa mbele ya kamati za kuhojiwa miaka na miaka ndio vijana wao wapate kitambulisho. Kwao herufi moja kwenye karatasi haijawahi kuwa kitu kidogo.

Alipoenda nikarudi kwa ile mashine. Nikaandika Hasan, nikabonyeza spesi. Ikaongeza s hapo hapo mbele ya macho yangu. Hakuna onyo, hakuna mstari mwekundu, kimya kabisa. Nikafungua jedwali la otokorekti nikapata jamaa aliyefanya kazi hapo kabla yangu alikuwa ameweka "hasan" igeuke "Hassan". Labda kulikuwa na mteja wa kila siku mwenye hilo jina, sijui. Alikuwa amejaza zingine pia, "mk" iwe "mkurugenzi", "bsr" iwe "basari". Alikuwa anajirahisishia kazi, si mtu mbaya.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Si ungesoma tena kabla ya kuprinti?" Ni kweli. Hiyo ni yangu, nimeibeba, na pesa ya mama nilirudisha, ingawa finje haijawahi kulipa karo ya mtu. Lakini wewe unayesema hivyo, umewahi kukaa kwa mashine ya saiba ukaandika Kiswahili? Lugha ya kukagua imewekwa Kiingereza tangu siku programu iliingizwa. Ukurasa wote unakuwa mwekundu. "Mheshimiwa" ni kosa, "mtoto" ni kosa, "Kawangware" ni kosa. Baada ya wiki moja macho yako hayaioni tena hiyo mistari, kama vile hakuna mtu hugeuka akisikia honi ya matatu kwa Naivasha Road. Halafu lile neno moja ambalo mashine imelibadilisha yenyewe ndilo halina mstari! Linakaa hapo safi, limechanwa nywele.

Na mkataba wa nyumba je? Unaandika masharti, (a), (b), ukifika la tatu linageuka ©. Nimeona mkataba wa single room uliokuwa na alama ya hakimiliki, na watu wawili wameuweka sahihi bila kuuliza.

Msiniambie Kiswahili hakiwezekani kwa komputa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wakati mimi nilikuwa bado natambaa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na Kiswahili kiko kwenye orodha ya lugha za kukagua. Hakuna mtu ameshuka chini ya orodha mpaka herufi K, hiyo tu.

Hata huko Uingereza wanalia. Mwaka 2024 kulianzishwa kampeni ya watu waliochoka majina yao kupigwa mstari. Waliangalia majina ya watoto waliozaliwa England na Wales mwaka 2021 wakapata asilimia 41 yanahesabiwa makosa na kamusi ya programu. Hapo ni kwao na lugha ni yao. Sisi huku tumenyamaza tu.

Sisemi mzime kila kitu. Shotikati nazipenda, bila hizo singemaliza barua ishirini kwa siku. Lakini shotikati isifanane na neno lolote la mtu. Zangu zote huanza na zz. Zzb inaleta "Kwa heshima nyingi naomba", na sijawahi kukutana na mtu anaitwa Zzb. Kwa Word ingia File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, usome ile orodha yote. Ni ndefu, ndio, soma. Na kama ulibadilisha lugha ya maandishi kuwa Kiswahili halafu shotikati zako zikakataa, haziko mbovu: kila lugha ina orodha yake, kwa hivyo zile uliweka ukiwa Kiingereza zimebaki kwa Kiingereza. Ziandike upya. Wenye LibreOffice, nyinyi pia mna ile ya kumalizia neno. Ikikuletea neno usilotaka na ubonyeze Enter ukidhani unaenda mstari mpya, umelikubali. Badilisha hiyo kii ama uizime. Na kama shotikati zinapotea kila asubuhi, angalia kama mwenye saiba ameweka mashine ijirudishe upya ikiwashwa. Hapo utalaumu programu bure.

Dakika tano. Lakini kuna vyuo vya komputa huku vinakula ngiri kadhaa kukufunza kuweka kichwa cha barua katikati, wanakupa cheti, na hilo jedwali hujawahi kuonyeshwa. Halafu unaenda kutaipu viapo, wosia, barua za basari. Majina ya watu!

Mimi siku hizi nikiingia saiba yoyote, kabla ya kuandika chochote, nataipu Hasan, nabonyeza spesi, nangoja. Jana nilijaribu moja hapo Satellite. Ilirudi na s mbili. Nikamwita jamaa wa kaunta aone, akacheka akasema, "Buda, hiyo mashine ni smati."