Redio Inayoweza Kujibiwa

Hapa Aru, mkoani Ituri, Kongo, mabishano kuhusu habari huishia mara nyingi kwenye kauli moja: redio zote ni zilezile, kila moja inamsemea anayeilipa, kwa hiyo nchi ya kura na nchi ya mtu mmoja hazina tofauti. Wanaosema hivyo si wajinga. Mpaka wa Uganda uko karibu, Kilugbara kinasemwa pande zote mbili, na anayesikiliza Radio Pacis ya Arua na kisha Radio Okapi ya Kongo anajua kwamba tukio moja linaweza kusimuliwa kwa sura mbili. Ushahidi wa nyumbani pia wanao. Kituo cha Canal Kin kilikuwa cha mwanasiasa Jean-Pierre Bemba, na Nyota ya Lubumbashi ni ya mwanasiasa mwenzake Moïse Katumbi. Wanahabari wengi wa Kongo, kwa kukosa mshahara wa kutosha, hupokea coupage, ile bahasha ya mwenye mkutano. Anayetoa bahasha hununua sifa, na pamoja nazo hununua kimya juu ya asiyoyapenda.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho. Redio isiyoegemea popote haijapatikana, si Kinshasa, si Paris, wala si London. Kinachotenganisha tawala ni kama uongo uliotangazwa asubuhi unaweza kukanushwa hadharani, na aliyeukanusha akalala kwake salama.

Tuutazame utawala wa Mobutu. Tangu 1970 mpaka hotuba yake ya 24 Aprili 1990 iliyoruhusu vyama vingi, nchi ilikuwa na chama kimoja kisheria, MPR, na habari zilikuwa za redio na televisheni ya serikali, iliyokuja kuitwa La Voix du Zaïre. Taarifa ya televisheni ilifunguliwa kwa uso wa Rais ukishuka kutoka mawinguni. Sidai kwamba watangazaji wa wakati ule walikuwa waongo kuliko wa leo. Wengi wao walikuwa mahodari wa kazi. Lakini mwalimu ambaye hajalipwa hakuwa na mahali pa kulisema hilo, wala pa kujua kama wenzake wa Kisangani au Bukavu wamelipwa. Watu wakakimbilia radio trottoir, uvumi wa barabarani, ambao nao haukuwa na wa kuuhakiki. Sauti moja ya serikali haikuondoa upotoshaji. Iliuhamishia gizani.

Hapo mtu hunikumbusha redio RTLM ya Rwanda, na ni haki yake. Kwenye karatasi redio ile haikuwa ya serikali. Ilianza kutangaza Julai 1993, wakati wa vyama vingi, na ilichochea mauaji ya kimbari. Je, si uhuru uliozidi? Sivyo. Asubuhi ya 7 Aprili 1994, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alitaka kwenda Radio Rwanda kusema na taifa. Alizuiwa, na asubuhi hiyohiyo wanajeshi wakamuua pamoja na mume wake. RTLM iliendelea kutangaza. Waliokuwa na neno tofauti waliwindwa nyumba kwa nyumba, na redio ya chuki ikabaki bila wa kuijibu. Chuki ile ilipata nguvu zake zote siku wapinzani wake walipofungwa midomo.

Ituri tulionja jambo la jamaa na hilo. Wakati wa vita Radio Candip ya Bunia, iliyoundwa kwa ajili ya elimu, iliangukia mikononi mwa kundi la wapiganaji la UPC, la Thomas Lubanga. Huku kwetu, Aru na Ariwara zilikuwa chini ya kundi jingine la wapiganaji, FAPC ya Jérôme Kakwavu. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, inalipiwa na Umoja wa Mataifa na wafadhili wa nje, na ina mtazamo wake. Faida yake ilikuwa kwamba mwenye bunduki hakuwa tena msimulizi wa pekee.

Wala simaanishi kwamba sanduku la kura linatosha. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006 kinalinda uhuru wa habari, na bado Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu Juni 2007, kisha mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008. Intaneti ilikatwa nchini kote kuanzia 31 Desemba 2018, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya état de siège: gavana ni mwanajeshi, na raia walianza kushtakiwa katika mahakama za kijeshi. Agosti mwaka huohuo Joël Musavuli, mkurugenzi wa redio ya jamii huko Biakato, wilaya ya Mambasa, aliuawa usiku.

Hapa ndipo ile kauli ya "zote ni sawa" inapotuumiza. Nyota ilipofungwa mapema 2016, miezi michache baada ya Katumbi kuachana na Rais wa wakati huo, Joseph Kabila, ilikuwa rahisi kusema: ni mali ya tajiri, inatuhusu nini? Ng'ambo ya mpaka, waandishi wawili wa NTV ya Uganda walikamatwa Arua Agosti 2018, wakati wa uchaguzi mdogo uliomfikisha mpinzani Bobi Wine kizuizini. Nao walikuwa waajiriwa wa kampuni yenye maslahi yake, lakini picha walizopeleka ziliwaonyesha Waganda yaliyokuwa yakitendeka. Anayefunga kituo hategemei askari peke yao. Hutegemea pia msikilizaji aliyekwisha kuamini kwamba hakuna kilichopotea. Mimi naidai hata redio nisiyoipenda ibaki hewani, na nadai kesi za wanahabari wa Ituri zirudi mbele ya mahakimu wa kiraia, hata kama état de siège itaendelea.