Dubu wa Katmai na Gharama ya Mazoea



Filamu ya hali halisi ya Werner Herzog, "Grizzly Man" ya mwaka 2005, inastahili sifa kwa staha yake, hasa pale mwongozaji anaposikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni kanda ya dakika za mwisho za Timothy Treadwell na mwenzake, waliouawa na dubu huko Alaska Oktoba 2003, bila kuwasikilizisha watazamaji. Hata hivyo, Sven Haakanson, msomi wa jamii ya wenyeji wa Alutiiq, alipewa muda mfupi mno, ilhali ndiye aliyegusa kiini cha suala lenyewe, yaani mazoea, hali ya mnyama pori kuacha kumhofu binadamu kwa kumwona mara kwa mara bila kudhurika.

Treadwell, ambaye kwa misimu 13 ya kiangazi aliwapa dubu wa Hifadhi ya Taifa ya Katmai majina na hata kuwagusa, aliamini kwa dhati kwamba anawalinda, lakini dubu aliyezoea watu humsogelea hata mwenye bunduki. Tena mwaka huo wa 2003 alirudi kambini kwake mwishoni mwa Septemba, wakati dubu hula mfululizo ili kujiwekea mafuta ya usingizi mrefu wa majira ya baridi, na kugombea chakula huwa kukali. Baada ya vifo hivyo, waliofika kambini walilazimika kuwapiga risasi dubu wawili.