Ngozi ya uyoga na mananasi inakuja, vijana tusibaki kununua tu

Mwaka jana nilinunua viatu mtandaoni. Muuzaji aliandika kwa herufi kubwa kwamba ni “ngozi isiyo ya mnyama”, haidhuru mazingira, hakuna ng’ombe aliyechinjwa. Bei yake ilinilazimu kula githeri wiki nzima, lakini si unajua, ujana nao una gharama zake. Miezi minne haikuisha. Viatu vikaanza kubambuka kama rangi ya ukuta wa nyumba ya kupanga. Fundi wa mtaani kwetu alivikunja, akavikwaruza kwa ukucha, akaangua kicheko. “Kijana, hii ni plastiki. Wamekupiga.”

Ukitafakari, muuzaji hata hakusema uongo. Plastiki kweli haina mnyama. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani au PVC, vitu vinavyotokana na mafuta ya petroli. Ukivitupa Dandora leo, wajukuu wako watavikuta pale. Kwa hivyo mtu akikuhubiria kuhusu ngozi ya kisasa, muulize swali moja: imetengenezwa kwa nini?

Maana zipo nyingine ambazo si mchezo. Kule California kuna kampuni inaitwa MycoWorks, iliyoanzishwa 2013. Wanakuza nyuzi za uyoga, zile nyeupe unazoziona ukipasua gogo lililooza. Huzilisha mabaki kama vumbi la mbao kwenye trei hadi zishikane na kuwa shuka moja, kisha shuka hilo hulainishwa karibu vile ngozi hufanywa. Mwaka 2021 Hermès, wale Wafaransa ambao mkoba wao mmoja unaweza kukununulia ploti Kitengela, walionyesha mkoba uliotumia ngozi hiyo ya uyoga. Miaka miwili baadaye MycoWorks ikafungua kiwanda South Carolina.

Halafu kuna Mhispania Carmen Hijosa. Huyu alikuwa mtaalamu wa ngozi halisi. Miaka ya 1990 alienda Ufilipino kutoa ushauri kwa watengenezaji ngozi, akaona uchafuzi uliokuwepo, roho ikamsuta. Wafilipino tangu jadi hufuma nguo kwa nyuzi za majani ya nanasi, naye akaanzia hapo. Ndipo ikazaliwa Piñatex.

Sasa simama kidogo. Majani ya nanasi. Ukitoka Nairobi kuelekea Murang’a, ukifika Thika unaona nini mashambani? Kuna vijana Wakenya walioliona hili na wakaanza kutengeneza viatu kwa nyuzi hizo, na heko kwao, lakini ni wa kuhesabu kwa vidole.

Ama chukua dungusi kakati. Wamexico wawili, Adrián López Velarde na Marte Cázarez, walionyesha ngozi ya dungusi mjini Milan mwaka 2019, wakaiita Desserto. Laikipia dungusi ni janga. Limemeza malisho, na miiba ya matunda yake huwajeruhi mbuzi na ng’ombe mdomoni hadi wanashindwa kula. Si aina ileile kabisa na ya Mexico, lakini ni ndugu. Wenzetu wanalipanda na kulivuna, sisi tunaliomba liondoke.

Iliyoniteka zaidi lakini ni ya chai. Mbunifu wa mavazi wa London, Suzanne Lee, alikuza kitambaa ndani ya chai ya kijani. Unachemsha chai, unatia sukari nyingi, ikipoa unaongeza siki kidogo na kile kimelea cha kombucha. Bakteria wanakula sukari na kusokota nyuzi nyembamba mno, tabaka juu ya tabaka, na baada ya wiki mbili tatu unakuta ukoko mzito unaelea juu. Unaosha, unaanika, unakauka kama ngozi. Lee alishona jaketi za hiyo kitu! Tatizo ni kwamba inanyonya maji. Yeye mwenyewe alikiri kwamba akinyeshewa, vazi lingevimba na mishono ingeachia. Ukilivaa Nairobi mwezi wa Aprili utafika kazini na kola tu.

Lakini fikiria. Nchi inayouzia dunia chai, je, si sisi tungepaswa kuwa tunakuna kichwa kuhusu hayo maji? Vifaa vya kuanzia ni sufuria, karai na subira.

Najua utaniuliza: na mfugaji je? Swali zuri. Ng’ombe wetu hachinjwi kwa sababu ya ngozi, anachinjwa kwa sababu ya nyama, na sijaona Mkenya akiacha nyama choma. Ngozi itakuwepo tu, na kuitupa ni hasara juu ya hasara. Kwa hivyo sisemi Kariokor ifungwe. Sandali zangu natoa pale. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya ngozi duniani hulainishwa kwa chumvi za kromiamu, na maji yake yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, anayeumia ni anayechota maji chini ya mto. Hilo halitatuliwi kwa kujifanya halipo.

Wala usidhani hizi ngozi mpya ni pesa za bwerere. Bolt Threads walikuwa na ngozi yao ya uyoga, Mylo, na nyuma yao walisimama Adidas, Lululemon, Kering na Stella McCartney. Mwaka 2023 walisimamisha uzalishaji, pesa za kuendelea hazikupatikana. Watafiti wa taasisi ya FILK, Freiberg, Ujerumani, nao walipima ngozi mbadala kadhaa mwaka 2021, zikiwemo Piñatex na Desserto, na hakuna iliyofikia ngozi halisi kwa kila sifa. Katika Desserto walikuta poliyurethani. Ile ile ya viatu vyangu.

Mimi hapo sioni sababu ya kukata tamaa. Naona kazi ambayo bado haijamalizwa na mtu yeyote, na hiyo ndiyo kazi ya kijana kuingilia. JKUAT inafundisha bayoteknolojia pale Juja, mwendo mfupi wa matatu hadi kwenye mananasi ya Thika. Wahitimu wangapi wa somo hilo unawajua wanaouza laini za simu? Mimi namjua mmoja, tulisoma naye sekondari. Serikali nayo inajenga eneo la viwanda vya ngozi Kinanie, Machakos. Naomba chumba kimoja tu pale, chenye trei, jokofu na mtu anayelipwa mshahara, kwa ajili ya uyoga, nanasi, dungusi na chai. Na waalike mafundi tangu siku ya kwanza, wasiitwe mwishoni kupigwa picha.

Kwa maana wiki jana nilimwonyesha yule fundi aliyenicheka picha ya ngozi ya uyoga kwenye simu. Hakucheka. Aliivuta ikawa kubwa, akaangalia ukingo wake kwa muda, akauliza: “Inashika gundi? Ukiitoboa sindano haichaniki?” Sikuwa na jibu. Akasema nimletee kipande ajaribu mwenyewe, na mpaka leo sijapata pa kukitoa.