Tamko Kuhusu Magego Yaliyovunjika na Kompositi Yenye Nyuzi

Sisi, madaktari wa kinywa na meno tunaohudumu Temeke na Kinondoni, tunatamka yafuatayo kwa wananchi, wanachama wenzetu wa chama cha madaktari hao na mamlaka husika.

Mgonjwa akifika Mbagala au Tandale na gego lililobakiwa na kuta mbili, mara nyingi huishia kung'olewa. Ujazo mkubwa wa kompositi ya kawaida huingia ufa, na taji la maabara wengi hawalimudu. Katikati ya hayo mawili ipo kompositi yenye nyuzi fupi za kioo. Nyuzi hizo ni kama nondo ndani ya zege: ufa ukianza, hukwama. Huwekwa chini, mahali pa dentini iliyooza, kisha hufunikwa kwa kompositi ya kawaida, maana nyuzi zikiachwa juu jino hukwaruza na kushika uchafu. Daktari anayeruka tabaka la juu amelipwa kwa kazi nusu.

Tuseme ukweli: nyenzo hii haivumilii mate. Jino litengwe kwa mpira, likaushwe, na mwanga wa buluu ufike hadi chini. Taa dhaifu hugandisha juu tu. Ndani hubaki laini, na mgonjwa atarudi analalamika. Kituo kisicho na vifaa hivyo kisijaribu. Kitumie glasi-ayonoma na vifaa vya mkono, mbinu iliyoasisiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, wala si tiba ya kuonea aibu.

Muda nao hautusubiri. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana Novemba 2025 kuachana na amalgamu, ujazo wa meno wenye zebaki, ifikapo 2034. Amalgamu ikiondoka zahanati bila mbadala, kitakachobaki mezani ni koleo.

Kwa hiyo tunaiomba Bohari ya Dawa iagize kompositi hii pamoja na taa na mipira ya kutengea jino, si kompositi peke yake. Tunaomba pia bima ya afya kwa wote ilipie kuokoa gego, si kuling'oa tu.

Kwa wanachama: bei itajwe kabla mgonjwa hajafungua kinywa, nyenzo iliyotumika iandikwe kwenye faili lake, na asiahidiwe ujazo wa maisha. Atakayekiuka ataitwa mbele ya kamati ya maadili ya chama.

Limetolewa Temeke, Dar es Salaam, kwa niaba ya wanachama.